Nikuandikie ngapi?

Wadau, niwieni radhi kwa kupotea wiki mbili hizi. Sikuwa safarini wala sikuwa naumwa. Nilikuwa Chanika, nabomoa ukuta.

Ukuta wenyewe si wangu, ni wa kaka yangu mkubwa. Yeye yuko Muscat mwaka wa sita sasa, anafanya kazi huko na kujenga huku, kidogo kidogo, kama wanavyojenga wengi walio nje. Anatuma hela, mimi nasimamia. Kabla yangu alikuwa anasimamia binamu yetu. Habari za binamu tuziache, maana bado tunakutana kwenye harusi.

Siku yangu ya kwanza kwenye duka la vifaa vya ujenzi nilinunua mifuko 30 ya saruji. Muuzaji akafungua kitabu chake cha risiti za mkono, kalamu tayari, akaniuliza bila hata kuinua macho: "Nikuandikie ngapi?"

Nikadhani hakunisikia. Nikarudia, "Mifuko 30."

Akacheka. "Hiyo najua. Nakuuliza bei."

Nyote mnajua alichomaanisha. Bei ya dukani ni moja, bei ya kwenye risiti unachagua mwenyewe, tofauti yake inaitwa cha juu na inakaa mfukoni mwako. Hakuniuliza kama mtu anayependekeza wizi. Aliniuliza kama muuza chai anavyouliza sukari vijiko vingapi.

Nilimwambia aandike bei aliyoniuzia, nikaondoka kifua mbele. Nikadhani mtihani wa usimamizi nimeshaufaulu. Kumbe ule ulikuwa wa kwanza tu, na wa pili nilifeli. Nitausimulia, ila kwanza nataka niwape nilichokisoma usiku baada ya kubomoa, kwa sababu nilitaka kujua hii kazi ya kuwa macho ya mwenye nyumba ilianzia wapi na wenzetu wa zamani waliiwezaje.

Haya, twende Uingereza, mwaka 1389.

Waliosoma fasihi ya Kiingereza wanalijua jina la Geoffrey Chaucer. Ni mshairi, anayehesabiwa miongoni mwa baba wa ushairi wa lugha ile. Ambacho walimu wetu hawakutuambia ni kwamba mwezi Julai 1389 Mfalme Richard II alimteua kuwa karani wa kazi za ujenzi za mfalme. Mshahara ulikuwa shilingi 2 za kwao kwa siku. Aliangalia Jumba la Westminster, Mnara wa London pamoja na gati lake, na kanisa la Mtakatifu George pale Windsor lililokuwa limechakaa. Mwaka 1390 alisimamia pia majukwaa ya watazamaji kwenye mashindano ya mashujaa wa farasi, Smithfield.

Chaucer hakuwa fundi. Kuchonga mawe alikuwepo Henry Yevele, fundi mwashi mkuu wa zama zile. Kazi ya Chaucer ilikuwa kununua mawe, mbao na risasi, kuajiri mafundi, kuwalipa, kuwasaka waliotoroka kazini, kuhakikisha vifaa haviibwi, kisha kupeleka hesabu kwa wakubwa. Yaani ni kazi yangu ya Chanika, ila ya kifalme!

Na wale watu hawakuwa wajinga. Kwenye kazi za mfalme ilikuwa kawaida kuwa na mdhibiti pembeni ya karani, anayeandika hesabu zake mwenyewe. Siku ya ukaguzi madaftari mawili yanalinganishwa. Mfalme alielewa kwamba mtu aliyewekwa kuwachunga wengine naye anahitaji kuchungwa.

Lakini kazi ilikuwa na hatari zake. Septemba 1390 Chaucer aliporwa zaidi ya mara moja ndani ya siku chache, akiwa amebeba fedha za mfalme. Alisamehewa kuzilipa. Juni 1391 akaiacha kazi, hajamaliza hata miaka miwili. Mimi simlaumu.

Sasa turuke karne kadhaa, maana hapo katikati mambo hayakubadilika sana. Mwenye mali alipatana na kila fundi peke yake: mwashi, seremala, mpiga lipu, kila mmoja na bei yake. Ndivyo tunavyojenga wengi wetu mpaka leo. Kilichobadilisha mchezo ni mkandarasi mkuu. Huko London, miaka ya 1810, Thomas Cubitt alikusanya mafundi wa fani zote chini ya paa moja, akawaajiri moja kwa moja, akawa anachukua kazi nzima nzima. Mwenye mali akapata raha ya kuzungumza na mtu mmoja na bei moja. Ila raha hiyo ilikuja na tatizo. Ukishakubali bei moja, kila mfuko wa saruji ambao mkandarasi hakuutia kwenye zege ni faida yake. Na wewe mwenye mali hujui zege linafananaje.

Hapo ndipo msanifu majengo akapewa kofia ya pili. Pamoja na kuchora ramani, akawa ndiye anayekagua kazi na kutoa hati ya malipo: kazi ya kiasi hiki imefanyika, mlipeni mkandarasi. Mkadiriaji majenzi naye akakua hapo, kazi yake kupima na kuhesabu. Na pale saiti, kila siku, akabaki yule karani wa kazi, mrithi wa Chaucer, analipwa na mwenye mali ili awe jicho lake.

Swali linalokuja ni gumu kidogo, nivumilieni. Msanifu anapoandika hati ya malipo, ni mtu wa nani? Analipwa na mwenye mali. Lakini anaamua kati ya mwenye mali na mkandarasi, kwa hiyo anatakiwa awe wa haki kwa wote wawili. Je, ni wakili au ni hakimu?

Mwaka 1901, katika kesi ya Chambers dhidi ya Goldthorpe, mahakama ya Uingereza ilisema yuko karibu na hakimu. Na hakimu hashtakiwi kwa kukosea hukumu. Maana yake, msanifu akisaini malipo ya kazi mbovu kwa uzembe, mwenye mali hana pa kumshika. Hali hiyo ilidumu zaidi ya miaka 70.

Kisha ikaja kesi ya Sutcliffe dhidi ya Thackrah, mwaka 1974. Bwana mmoja alikuwa anajengewa nyumba. Wasanifu wake wakawa wanasaini hati za malipo, yeye analipa. Baadaye ikaonekana kuna kazi iliyolipiwa ambayo haikufanywa sawasawa. Mkandarasi alishaondolewa saiti, tena alikuwa amefilisika, kwa hiyo hakuna cha kumdai. Mwenye nyumba akawageukia wasanifu wake. Kesi ilipanda mpaka baraza la juu kabisa la sheria la Uingereza wakati huo, na uamuzi ukawa kwamba anaweza kuwadai. Ulisaini kazi ambayo hukuiangalia vizuri, ukamfanya mwenye mali alipe, basi uzembe huo ni wako. Kuwa wa haki kwa mkandarasi hakukuondolei wajibu wa kuwa makini kwa aliyekuajiri.

Niliposoma hapo niliweka simu chini. Mtaona sababu.

Kwenye miradi mikubwa ya barabara na mabwawa, hata huku kwetu, kuna mikataba ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri lililoanzishwa mwaka 1913. Kitabu chao chekundu cha masharti kilitoka mara ya kwanza mwaka 1957. Humo mhandisi alikuwa na kofia zile zile mbili, anamwakilisha mwenye mradi huku akiamua migogoro. Watu walilalamika miaka mingi kwamba huwezi kuwa mchezaji na mwamuzi kwenye mechi moja. Toleo la 1999 likasema wazi kwamba mhandisi anahesabiwa kuwa anatenda kwa niaba ya mwenye mradi, na migogoro ikapewa bodi ya pembeni. Mwaka huo huo kikatoka na kitabu cha fedha, ambacho hakina kabisa mhandisi wa aina hiyo. Kuna mwakilishi wa mwenye mradi, basi.

Mpaka hapa unaweza kudhani mwizi ni fundi siku zote na mwenye mali ni malaika. Hapana! Tazama Sydney.

Mwaka 1957 serikali ya jimbo la New South Wales, Australia, ilimtangaza Jørn Utzon wa Denmark mshindi wa shindano la kubuni jumba la opera. Yale mapaa yanayofanana na matanga ya jahazi, mmeyaona kwenye picha. Makadirio yalikuwa dola za kwao milioni 7, na jumba lilitakiwa kuwa tayari Januari 1963. Waziri mkuu wa jimbo, Joe Cahill, aliogopa siasa zitabadilika na mradi utauawa. Akasukuma kazi ianze Machi 1959, wakati hakuna aliyekuwa anajua mapaa yale yatasimamaje. Cahill mwenyewe alifariki Oktoba mwaka huo huo.

Wakajenga jukwaa la chini, na jibu la mapaa likapatikana miaka kadhaa baadaye. Nguzo zilizokwisha kujengwa zikaonekana haziwezi kubeba uzito, zikabidi zijengwe upya. Mwenye mradi naye alikuwa kamati. Leo wanataka ukumbi mkubwa uwe wa opera na muziki wa okestra kwa pamoja, kesho uwe wa okestra peke yake, na mitambo ya jukwaa iliyokwisha kufungwa ikang'olewa. Mwaka 1965 akaja waziri mpya, Davis Hughes, akabana malipo ya msanifu. Februari 1966 Utzon akajiuzulu, akaondoka Australia na hakurudi tena kuliona jumba lake likiwa limekamilika. Lilifunguliwa Oktoba 1973, miaka 10 baada ya tarehe ya kwanza, kwa dola milioni 102. Utzon alifariki mwaka 2008.

Leo jumba lile liko kwenye orodha ya urithi wa dunia, na kila mtu analisifu. Lakini ukiiangalia kama kesi ya ujenzi, upande wa mwenye mradi hakukuwa na mtu mmoja mwenye mamlaka na ujuzi wa kusema: subirini, michoro haijaisha, au: mkibadilisha hiki, gharama ni hii, mnakubali? Mwakilishi mzuri hamchungi fundi tu. Anamwambia na bosi wake ukweli asioupenda.

Na huku kwetu? Simama mbele ya ghorofa lolote linalojengwa, utaona kibao cha mradi: mwenye jengo, msanifu, mkadiriaji majenzi, mhandisi, mkandarasi. Bodi za kusajili wahandisi na makandarasi tunazo, na sheria zake ni za mwaka 1997. Karatasi ziko sawa. Lakini Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lilianguka Mtaa wa Indira Gandhi hapa Dar, wakafa watu 36. Novemba 16, 2024 likaanguka la Kariakoo, wakafa watu zaidi ya 20, wengi wao wakiwa kwenye shughuli zao za biashara. Hawakuwa na ramani wala mkataba wowote wa ujenzi wa majengo yale. Hapo ndipo neno "maslahi ya mwenye jengo" linaponishinda. Kama jicho la mwenye jengo ni la kulinda hela yake tu, wanaopita chini ya jengo analindwa na nani?

Sasa nirudi Chanika, nimalizie nilichoahidi.

Siku ya kumwaga zege la lenta nilitakiwa niwepo tangu asubuhi. Nilikuwa na habari ya kumalizia, mhariri ananipigia kila baada ya dakika 20. Nilifika jioni, zege limeshamwagwa, mafundi wanaosha toroli. Nikamuuliza fundi mkuu, "Mifuko yote 12 imeingia?" Akajibu, "Yote, bosi." Nikapiga picha 4, nikamtumia kaka, nikaandika: lenta imekamilika, mifuko 12, nimesimamia.

Nimesimamia! Kwa risiti ya duka nilikataa kuandika uongo wa shilingi chache. Huku nikaandika uongo mkubwa zaidi na wala sikuhisi kitu, kwa sababu hakuna hata senti iliyoingia mfukoni kwangu.

Tulipopandisha kozi za juu nyufa zikatokea. Fundi mwingine akaja, akagonga lenta kwa nyundo, ikamomonyoka kama kashata. Fundi wa kwanza simu yake haipatikani. Ndiyo maana nilikuwa nabomoa.

Nilimpigia kaka usiku nikamweleza yote. Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekata. Halafu akasema, "Mdogo wangu, ungeniambia tu kwamba hukuwepo. Ningesimamisha kazi, nikamtafuta mtu akaangalie kabla hamjapandisha tofali."

Hakugomba, na bora angegomba.

Tumekubaliana utaratibu mpya. Kuna mhandisi kijana, ana usajili wake, tunamlipa kwa kila hatua, anakuja kukagua nondo kabla ya zege na zege lenyewe. Mimi nina daftari langu na yeye ana lake, na kaka anatumiwa yote mawili. Richard II angetuelewa. Na mimi kwenye daftari langu nimeongeza safu moja ambayo sijaiona kwenye mkataba wowote: nilikuwepo, sikuwepo.

Jumamosi tunamwaga lenta upya. Nimeshamwambia mhariri simu itakuwa imezimwa.