Karanga za Nachingwea, Kinywe cha Ruangwa na Moshi wa Dunia



Mazungumzo juu ya mabadiliko ya tabianchi mara nyingi huanzia mbali: barafu inayoyeyuka kwenye ncha za dunia, viwanda vya Ulaya, Marekani na China, mikutano mikubwa ya wakuu wa mataifa. Muumini wa kawaida anayesikiliza hayo aweza kudhani kwamba ni habari ya watu wengine. Katika tafakari ya juma hili tunapenda kuwaalika mtazame historia ya ardhi iliyo karibu, yaani Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi. Katika muda wa takribani miaka 80 ardhi hiyo imeombwa mara mbili kutibu shida za watu wa mbali. Mara ya kwanza iliombwa mafuta ya kula. Mara ya pili inaombwa madini ya kuipunguzia dunia moshi. Ombi la kwanza liliishia katika hasara. Ni vema tujue kwa nini, kabla ya kulijibu ombi la pili.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imeshinda vita, lakini meza zake zilikuwa na upungufu. Mafuta ya kupikia na majarini vilitolewa kwa mgawo. Ndipo Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa Company, alipoleta wazo la kulima karanga kwa mashine katika Afrika ya Mashariki. Serikali ya Uingereza ilituma ujumbe wa watu 3 ukiongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika. Walizunguka kwa majuma 9, kwa ndege na kwa magari, wakarudi na hesabu ya ajabu: ekari 3,210,000 zifyekwe katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Zaidi ya nusu ya eneo hilo, yaani ekari 1,650,000, lilipangwa kuwa katika Jimbo la Kusini la Tanganyika, na makao yake yakawa Nachingwea.

Kazi ilianzia Kongwa mwaka 1947, kwa kuwa Kongwa palikuwa karibu na Reli ya Kati, ilhali kusini hapakuwa na reli wala bandari yenye kina. Mvua ya Kongwa haikuitii hesabu iliyoandikwa London. Jua lilipowaka, udongo ulikauka ukawa mgumu kama tofali, na mashine zikavunjika juu yake. Kati ya ekari 150,000 zilizokusudiwa mwaka ule wa kwanza, zilipandwa kama 7,500 tu. Wagogo walikuwa wameishi na ukame wa nchi yao kwa vizazi na vizazi. Elimu yao haikupata nafasi katika mpango.

Huku kusini ilijengwa reli kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, hadi Nachingwea, kisha bandari ya kina kirefu huko Mtwara. Nchi ya Nachingwea ilikuwa na mvua nzuri kuliko Kongwa, lakini ilikuwa na msitu wa miombo ambao haukuwa mwepesi kung'oka. Katika mpango huo wote miti iliangushwa kwa matingatinga, mengine yakivuta kati yao mnyororo wa nanga ya meli, kisha ikasukumwa katika mistari mirefu na kuchomwa moto. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mpango mkubwa umekwisha, na hasara yake ilizidi pauni milioni 36. Reli ya Nachingwea iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mji ulibaki, na mwaka 1963 ukalipa jina lake Jimbo Katoliki la Nachingwea, ambalo tangu mwaka 1986 linaitwa Jimbo la Lindi.

Historia hii husimuliwa kama kichekesho cha wakoloni waliopoteza fedha zao. Lakini kuna hesabu nyingine ambayo haikuandikwa katika vitabu vya hasara. Nayo ni hesabu ya moshi.

Tutafakari kidogo mti ni nini. Mti huvuta hewa ukaa kutoka angani, ukaitunza kaboni yake katika shina, matawi na mizizi. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Mti huo unapochomwa, kila tani moja ya kaboni huungana na oksijeni na kurudi angani ikiwa tani zipatazo 3.7 za hewa ukaa. Mkulima anayetazama shamba lililoungua huona majivu machache, akadhani mti umekwisha. Haukwisha, sehemu yake kubwa imekwenda juu, mahali ambapo jicho haliioni, na huko hutenda kazi kama blanketi linalozuia joto la dunia lisitoke.

Elimu hiyo ilikwisha kuwapo kabla ya trekta la kwanza kufika Nachingwea. Mwaka 1896, wakati Wabenediktini ndiyo kwanza wanaanza misheni ya Nyangao, mwanasayansi wa Sweden, Svante Arrhenius, alikokotoa kwamba hewa ukaa ikiongezeka dunia itapata joto zaidi. Mwaka 1938 Mwingereza Guy Callendar alionyesha kwa vipimo vya vituo vya hali ya hewa kwamba joto lilikuwa limekwisha kuanza kupanda. Mwaka 1958 Charles David Keeling alianza kuipima hewa huko Mauna Loa, Hawaii, akakuta kiasi cha sehemu 315 za hewa ukaa katika kila sehemu milioni za hewa. Kabla ya zama za viwanda zilikuwa kama 280. Leo zimepita 420. Mwaka 2024 ukawa mwaka wa kwanza ambao wastani wa joto la dunia ulizidi ule wa kabla ya viwanda kwa zaidi ya nyuzi 1.5.

Yafaa tuseme kweli pasipo kutia chumvi. Si moto wa Nachingwea ulioipasha dunia joto. Sehemu kubwa ya hewa ukaa inatoka katika makaa ya mawe, mafuta na gesi, na mataifa yaliyotangulia kuwa na viwanda ndiyo yaliyochoma kwa muda mrefu zaidi. Ukataji wa misitu duniani huchangia kiasi cha sehemu moja katika kumi. Tanzania nzima haifikii hata asilimia 1 ya hewa ukaa ya dunia. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Janga hili limeipita methali hiyo, kwa maana analila hata yule asiyekuwa wa kwao mchumaji, tena huanza kulila yeye.

Watu wa Lindi wanalifahamu jambo hilo. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu, na mafuriko yakaikata barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam pale Somanga, wilayani Kilwa. Mwaka 2019 kimbunga Kenneth kiliipita Mtwara kwa karibu na kuiangukia Cabo Delgado, Msumbiji. Ni kweli kwamba vimbunga si vigeni kabisa. Aprili 1952 kimoja kiliupiga mji wa Lindi wenyewe. Hatuwezi, basi, kuitwika hewa ukaa kila tufani. Lakini bahari yenye joto zaidi hukipa kimbunga nguvu zaidi, na hewa yenye joto zaidi hubeba maji mengi zaidi ya kumwaga. Mkorosho nao hutoa maua wakati wa kiangazi. Mvua ikija isipotazamiwa, maua huharibika, na mwenye shamba hujua hasara yake kabla ya mnada.

Je, kwa kuwa wadeni wakubwa wa moshi wako mbali, shoka la nyumbani halina neno? Hapana. Takwimu za taifa zinaonyesha kwamba kati ya mwaka 2002 na 2013 Tanzania ilipoteza wastani wa hekta 469,420 za misitu kila mwaka. Katika wilaya za Lindi sababu mojawapo inajulikana kwa kila mkulima: ufuta. Zao hilo hustawi katika ardhi mpya iliyofyekwa. Baada ya misimu michache magugu huzidi na rutuba hupungua, naye mkulima huhamia msitu mwingine. Zamani shamba lililoachwa lilipewa miaka mingi ya kupumzika, miti ikarudi, na kaboni ikarudi pamoja nayo. Watu wakiongezeka na bei ikiwa nzuri, pumziko hilo hufupishwa. Hatumlaumu mzazi anayelipa ada kwa ufuta alioupeleka katika maghala ya ushirika wa RUNALI, ambao jina lake limeunganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Tunalosema ni kwamba msitu ukihesabiwa kuwa pori tupu lisilo na kazi, mwenyeji hutenda kwa jembe dogo lile lile ambalo mgeni alilitenda kwa mnyororo wa nanga.

Ndipo tunapofika kwenye ombi la pili. Ruangwa, iliyopata kuwa wilaya mwaka 1995, ina hazina kubwa ya madini ya kinywe, katika maeneo kama Matambalale na Chilalo. Kinywe ndicho kinachotengenezewa upande hasi wa betri za magari ya umeme, na gari moja huhitaji makumi ya kilo. Dunia inayotaka kuacha petroli inakihitaji sana. Kwa hiyo ardhi ile ile ya Wamwera, iliyotakiwa kuwapa Waingereza mafuta ya mezani, sasa inatakiwa kuyapa mataifa tajiri njia ya kutoka katika moshi wao.

Kusudi hilo ni jema, nasi hatulipingi. Hata kusudi la mwaka 1946 lilikuwa na wema wake, maana kuwalisha watu si dhambi. Mpango wa karanga ulianguka kwa sababu waliopanga walikuwa na haraka, waliiona nchi kutoka juu, na hawakumpa mwenyeji nafasi ya kusema kitu ambacho kingebadili hesabu. Tiba ya tabianchi yaweza kurudia kosa hilo hilo. Itakuwa haki gani kama hewa ya miji ya mbali itasafishwa, huku mwanakijiji wa Ruangwa akibaki na shimo, fidia isiyotosha na kisima kilichokauka? Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi, na kwamba nchi tajiri zina deni la ikolojia kwa nchi maskini. Deni halilipwi kwa kukopa upya kwa mdai yule yule pasipo kumuuliza.

Kuna upande mwingine wa historia hii ambao husimuliwa mara chache. Baada ya matrekta kuondoka, utafiti wa kilimo uliendelea kusini, pale Nachingwea na katika kituo cha Naliendele, Mtwara. Watafiti walipanda, wakalinganisha, wakasubiri msimu, wakapanda tena. Mwaka 1998 ilitolewa mbegu ya karanga iitwayo Pendo, na baadaye ikatolewa nyingine inayoitwa Nachingwea 2009. Karanga zilizokataa kumtii aliyezilazimisha kwa mamilioni ya pauni zilikubali kuota kwa aliyejifunza udongo na mvua yake.

Njia hiyo ya subira inaonekana hata katika misitu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinakipa kijiji mamlaka ya kutenga msitu wake, kuulinda na kufaidi mazao yake. Wilayani Kilwa, vijiji kama Kikole na Kisangi vilitenga misitu yao, na mwaka 2009 vikapata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora, vikauza mti kwa hesabu badala ya kuuchoma bila hesabu. Mpingo unaosimama una thamani kwa kijiji, na wakati huo huo unaishika kaboni isipande juu.

Kwa hiyo, ndugu wapendwa, mkutano mkuu wa kijiji unapoitishwa kujadili mgodi, shamba kubwa au mradi wa kuuza kaboni, waamini wasibaki nyumbani wakidhani kwamba hayo ni mambo ya siasa. Waende wakaulize. Ramani hii imechorwa na nani? Maji yatatoka wapi? Msitu uliofyekwa utarudishwa na nani, na lini? Fidia imehesabiwa kwa kipimo gani? Na yule mwenye ufuta ajiulize kama shamba la mwaka jana haliwezi kutunzwa vizuri zaidi kabla ya kuanguka mti mwingine. Mwenyezi Mungu alimweka mwanadamu katika bustani ailime na kuitunza. Kazi hizo mbili alizitoa pamoja, wala hakuna aliyeruhusiwa kuchukua moja na kuiacha ya pili.

Maswali hayo hayakuulizwa mwaka 1946. Waliokuwa na majibu walikuwapo, wakiishi Kongwa na Nachingwea. Tuwaombee na kuwatia moyo walioko Ruangwa leo, ili safari hii waulizwe, na wasipoulizwa, waseme.

Tumsifu Yesu Kristo. Milele na milele, Amina.