Tembo Waliovuka Mpaka

Mwaka jana nilisafiri kwa basi kutoka Kasese hadi Nairobi, na rafiki yangu akanipeleka kuwaona tembo yatima. Kituo hicho kiko ukingoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Shirika linalokiendesha lilianzishwa na Daphne Sheldrick mwaka 1977 kwa kumbukumbu ya mumewe, David, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa hifadhi ya Tsavo Mashariki. Tulisimama nyuma ya kamba pamoja na watalii kwa muda wa saa moja. Watoto wa tembo walikuja mbio, wakanyonya chupa za maziwa, wakagaagaa matopeni. Mlezi mmoja alitutajia majina yao na mahali alipookotwa kila mmoja. Alisema usiku walezi hulala nao bandani, na wakikua hupelekwa Tsavo wakajifunze tena pori.

Mimi ni mzaliwa wa Rukoki, na kwetu tembo hana jina. Shangazi yangu analima mahindi upande wa Karusandara, karibu kabisa na Hifadhi ya Queen Elizabeth. Msimu ule tembo walikuwa wamemaliza kwa usiku mmoja shamba alilolipalilia kwa wiki nyingi. Alipiga debe, akawasha moto, mwishowe akaketi ndani akisikiliza mabua yakivunjika. Nilipomwonyesha picha za Nairobi alizitazama kwa makini, kisha akauliza, "Na hawa wetu, nani aliwalea?"

Sikuwa na jibu, nami nasoma historia.

Hifadhi ile ilitangazwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga, na ikapewa jina la malkia alipoitembelea mwaka 1954. Lakini ardhi hiyo haikuwa tupu tangu mwanzo. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa kandokando ya maziwa ya Edward na George kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Palipoachwa na watu, pori na wanyama viliongezeka. Katwe, Hamukungu na vijiji vingine vya wavuvi bado vimezungukwa na hifadhi hadi leo.

Miaka ya 1960 tembo walikuwa maelfu. Ndipo ukaja utawala wa Idi Amin, bei ya pembe ikapanda, bunduki zikazagaa. Baada ya vita vya 1979 hali ikawa mbaya zaidi, maana kila mwenye silaha alikuwa mwindaji. Hesabu ya mwaka 1980 ilikuta tembo 150 hivi tu. Wengi waliuawa, na wengine walivuka mto Ishasha wakaingia Kongo, katika hifadhi ya Virunga.

Miaka ya 2000 hesabu upande wa Uganda ilikuwa imepita 2,500. Hapo ndipo nilipoanza kupiga mahesabu. Tembo hubeba mimba miezi 22, naye huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka minne au mitano. Tembo 150 hawawezi kufikia idadi hiyo kwa miaka 25 kwa kuzaa peke yake. Lazima wengi walikuja kutoka nje, na walikotoka kunajulikana: Virunga nayo ilikuwa imeingia vitani miaka ya 1990, majangili wakijaa humo, wakati upande wetu ulinzi ulikuwa umeimarika. Mwaka 2020 safari iligeuka tena, tembo wapatao 580 wakavuka kurudi Kongo.

Kwa hiyo hawa wetu hawakulelewa na mtu. Walikimbia risasi, na mpaka uliochorwa na wakoloni ukawafaa, kwa kuwa vita havikuwaka pande zote mbili kwa nguvu ileile. Siwadharau walezi wa Nairobi, kazi yao niliiona kwa macho yangu. Ila tembo wanaookolewa mmoja mmoja kwa chupa hupigwa picha, na wale waliojiokoa kwa miguu hukutana na mkulima gizani. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2019 iliweka utaratibu wa fidia. Shangazi amejaza fomu, anasubiri.

Nilirudi Karusandara kumpa jibu lake. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka kidogo. Wakati waasi wa ADF walipovamia Mpondwe, Novemba 1996, yeye alikuwa akiishi juu mlimani. Vita vilipopanda huko, alishuka tambarare na watoto watatu na sufuria moja, akakaa kambini, na kurudi kukachelewa mpaka kukawa hakuna pa kurudi. Niliwahi kusikia habari hizo utotoni, lakini sikuwahi kuuliza shamba lile alilipataje.

"Nilipewa kwa bei ndogo," alisema. "Hakuna aliyelitaka. Walisema tembo wameanza kurudi."