Herufi ya Kiendeshi na Umbali wa Ghala

Makala haya yanakusudia kueleza historia fupi ya jambo ambalo aghalabu huachiwa mafundi, yaani namna kompyuta inavyoonyesha faili zilizo mbali kana kwamba zimo ndani yake. Tutalitazama tukiwa Mubambiro, katika Masisi, Kivu ya Kaskazini, kando ya barabara itokayo Sake kwenda Goma. Hoja yetu ni kwamba kila hatua ya maendeleo imelisogeza ghala mbali zaidi na mtumiaji huku ikizidi kumficha umbali huo.

Kampuni ya Novell ilitoa mfumo wake wa NetWare mwaka 1983. Kwa kuwa MS-DOS ilizoea kutenga herufi A hadi E kwa diski za mashine yenyewe, herufi F ikawa ya kwanza kupewa seva. Karani aliyefungua F aliona kiendeshi kama vingine, kumbe faili zake zilikuwa katika chumba cha pili. Seva ikikwama, fundi alivuka ukumbi na kufungua mlango.

Windows ilirithi desturi hiyo kwa kutumia itifaki ya SMB, ambayo haikutungwa kwa ajili ya intaneti. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipenya kupitia udhaifu wa toleo la kwanza la itifaki hiyo, kikavuruga hospitali za Uingereza na ofisi za nchi nyingi. Mwaka huohuo Microsoft ilianza kuliondoa toleo hilo katika usakinishaji wa kawaida wa Windows 10. Njia nyingine, WebDAV, iliyosanifishwa mwaka 1999 ili faili zipite katika wavuti, nayo imezeeka: Novemba 2023 Microsoft ilitangaza kwamba huduma ya Windows inayoitegemea haiendelezwi tena. Kwa hiyo anayehama kutoka programu za zamani hafuati mtindo tu. Kubaki nyuma kuna hatari.

Programu mpya zina utaratibu wake. Mwaka 2017 Google na Microsoft zilieneza namna ya kuonyesha jina la faili kwenye mashine ilhali yaliyomo yako kwenye wingu, yakiletwa tu faili inapofunguliwa. Herufi haijatoweka: programu ya Google hupendelea G. (Neno “wingu” lenyewe linapotosha kidogo, kwani ghala hilo ni majengo yenye kuta, walinzi na mwenyewe, nayo yamo katika nchi fulani yenye sheria zake.)

Watu wa Masisi walikwisha kuujua umbali wa namna hiyo kabla ya kompyuta. Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyoundwa na Wabelgiji mwaka 1928, iligawa ardhi kwa walowezi kwa hati ambazo mkulima hakuziona, na nyaraka nyingi za utawala huo zikaishia Ubelgiji. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 ilikuwa na busara moja inayotufaa hapa: cheti cha usajili kiliandikwa nakala mbili, moja ikawa ukurasa wa kitabu cha msajili, nyingine akapewa mwenye haki. Lakini mkulima aliyeishi kwa mila hakuwa na hata moja. Sheria iliahidi kwamba haki zake zingeelezwa kwa amri ya Rais, na kwa miongo mingi amri hiyo haikutolewa. Aliyekimbia vita akarudi na kumkuta mwingine shambani alikuwa na majirani tu wa kumshuhudia, kama nao walirudi.

Januari 2025 waasi wa M23 waliiteka Sake, kisha Goma. Mubambiro iko kati yao. Umeme na intaneti vilikatika Goma. Katika hali kama hiyo kiendeshi cha wingu huendelea kuonyesha orodha ya majina, na faili ambayo yaliyomo yake hayakuwahi kuletwa haifunguki. Seva ya chumba cha pili ingefunguka, madhali pana jenereta. Hata hivyo tusiisifu mno: tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo iliunguza sehemu kubwa ya katikati ya Goma, na kilichokuwa chumbani kiliteketea pamoja na chumba.

Kwa hiyo ofisi inayohama haina budi kuamua, kabla ya kuzima seva ya zamani, ni faili zipi zitawekewa alama ya kubaki mashinani daima: daftari la wagonjwa, orodha ya kaya zilizohamishwa, maelezo ya mipaka ya mashamba. Programu zenyewe zina kitufe cha kufanya hivyo. Mara nyingi uamuzi huo huachiwa fundi aliye Nairobi au Kinshasa, ambaye hajui ni daftari lipi litaulizwa kwanza siku barabara ya Sake itakapofungwa. Karani anajua.