Akiba ya uzeeni ya wafanyakazi wa kaunti

Watumishi wa lililokuwa Baraza la Manispaa ya Mombasa, wakiwemo wa Kisauni, waliingia chini ya serikali ya kaunti mwaka 2013. Mojawapo ya hazina zinazowawekea watumishi kama hao akiba ya uzeeni ni LAPFUND, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1960.

Mwanachama hukatwa asilimia 12 ya mshahara wa msingi, naye mwajiri huongeza asilimia 15. Anapostaafu, hulipwa fedha zake kwa pamoja, wala si pensheni ya kila mwezi.

Lakini makato yasipowasilishwa na mwajiri, mstaafu hubaki akisubiri haki yake. Kwa hivyo, mwanachama anahimizwa kukagua taarifa ya michango yake kila mwaka, angali kazini.