Sadaka: Huruma au Haki?

Mwaka niliochaguliwa kwenda kidato cha tano, mchango wa ada yangu ulitangazwa kanisani, kule kwetu Bunda, mbele ya waumini wote. Nikasimamishwa, watu wakapiga makofi, mimi nikaangalia viatu vyangu. Tangu siku ile neno sadaka linanikereketa.

Kilatini cha Kanisa huita sadaka eleemosyna. Neno hilo si la Kilatini hasa. Lilichukuliwa zima zima kutoka Kigiriki, eleemosyne, lenye mzizi eleos, yaani huruma. Humo ndimo lilimotoka aumône la Wafaransa na alms la Waingereza.

Sasa tuchimbe zaidi. Karne ya 3 kabla ya Kristo, Wayahudi wa Misri walianza kutafsiri maandiko yao kwa Kigiriki. Katika Kumbukumbu la Torati 24:13, maskini aliyeweka nguo yake rehani hurudishiwa jua likichwa, apate kujifunika. Kiebrania kinaliita tendo hilo tsedaka, haki. Watafsiri wakaandika eleemosyne. Kumbe! Mtu karudishiwa nguo yake mwenyewe, lakini kwa Kigiriki kahurumiwa.

Neno letu je? Sadaka tumelipata kwa Kiarabu, ambako mzizi wake ni ukweli, na ni ndugu wa tsedaka. Halikupitia Roma wala Athene. Mama muuza dagaa wa Musoma akisema "natoa sadaka," yuko karibu na chimbuko kuliko msomi wa Kilatini.

Wapo watakaosema maana ya neno ni matumizi, si mzizi. Sawa, nakubali. Lakini matumizi hubadilishwa na watu. Mwalimu Nyerere wa Butiama, Mkatoliki, alitafsiri Mabepari wa Venisi (1969), tamthilia ambamo huruma na sheria vinavutana mahakamani. Mwaka 1970 huko New York aliwaambia masista wa Maryknoll, ambao mapadre wenzao walifika Musoma mwaka 1946, kwamba Kanisa lipambane na mifumo inayowaweka watu katika umaskini, lisiishie kuwahurumia. Bila kulitaja neno, alikuwa anairudia tsedaka.

Jamani, siwabezi walionichangia. Bila wao nisingefika chuoni. Ila nadhani siku ile walinirudishia nguo, na mtangazaji akasema wamenionea huruma. Nikipata kazi nitamlipia ada mtoto mwingine wa Bunda, na sitaki asimamishwe.