Mashairi Yanayohama: Kutoka Sisilia hadi Mbulu

Fasihi kubwa hujengwa pia na mashairi ya kupokea. Waingereza leo hujivunia soneti kana kwamba ilizaliwa kwao, ilhali ilifika kwa mikono ya wafasiri.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 13, kwenye kasri la Mfalme Federico wa Pili huko Sisilia, washairi walianza kuimba mapenzi kwa lugha ya nyumbani badala ya Kilatini. Hata wao walikuwa wakipokea: walifuata washairi wa kusini mwa Ufaransa. Giacomo da Lentini, karani wa mfalme, alifasiri shairi la huko, na ndiye anayehesabiwa mwasisi wa soneti, shairi la mistari 14. Sanaa hiyo ilipanda hadi Toscana. Dante akamwimba Beatrice mpaka mapenzi yakawa njia ya kumfikia Mungu. Kisha Petrarca (1304–1374) akaacha diwani ya mashairi 366, mengi yakimhusu Laura.

Geoffrey Chaucer alitumwa Italia mwaka 1372. Baadaye alichukua soneti moja ya Petrarca akaitia katika Troilus and Criseyde, na mistari 14 ikawa 21 ili ienee katika beti alizozizoea. Ilipita karne moja na nusu kabla ya Thomas Wyatt kurudi kwenye chemchemi hiyo. Katika soneti moja ya Petrarca kuna swala mweupe na mtakatifu; kwa Wyatt aligeuka windo linalomchosha mwindaji katika kasri la Henry wa Nane. Earl wa Surrey naye akapanga upya vina, kwa kuwa Kiingereza kina vina haba kuliko Kiitaliano. Kazi zao zilichapishwa mwaka 1557, na kwa mpango ule wa Surrey Shakespeare akatunga soneti zake 154, zilizotoka mwaka 1609.

Njia hiyo imetufikia na sisi. Kisa cha kijana aliyekopewa fedha ili akampose bibi wa Belmonte kiliandikwa Italia katika karne ya 14. Shakespeare akakifanya tamthilia, na mwaka 1969 Mwalimu Julius Nyerere akatupa tafsiri yake, Mabepari wa Venisi.

Tumepokea ya mbali. Ya jirani je? Katika wilaya za Mbulu na Hanang, Kiiraqw ni cha jamii ya Kikushi, Kidatoga ni cha Kiniloti, na Wahadzabe wa Yaeda Chini wana lugha yao ya pekee. Kwa Wairaqw, kilele cha sanaa ya maneno ni slufay. Watu wakiwa wamekutana, aghalabu kwenye pombe, mzee hunena mstari baada ya mstari kwa kasi, na waliopo humwitikia kwa pamoja. Ni ushairi na ni dua: humwomba Looaa, Mungu anayeitwa mama, awape watu amani, mvua na uzazi. Kwa Wadatoga, wanawake hukusanyika na kumwimbia Aseeta, Mungu wao, dua zao.

Wataalamu wamelima njia. Paul Berger alikusanya matini za Kiiraqw miaka ya 1930, nazo zikatoka mwaka 1998 kwa kazi ya Roland Kießling. Maarten Mous aliandika sarufi mwaka 1993, kisha kamusi ya 2002 pamoja na Martha Qorro na Kießling. W. D. Kamera alizileta hadithi za Wairaqw katika Kiswahili. Lakini sarufi na kamusi hufafanua shairi. Kulifanya liimbike katika lugha nyingine ni kazi ya mshairi.

Kiswahili kina uzoefu wa kupanuliwa na watu wa bara. Mathias Mnyampala, Mgogo, alitupa ngonjera. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, kwa diwani yake Kichomi ya mwaka 1974, alifungua mlango wa mashairi yasiyofungwa na vina. Slufay inaweza kupita mlango huo, au ikakaa katika utenzi, ambao kina chake cha mwisho hurudi kila ubeti kama itikio la wasikilizaji. Mfasiri akiliacha itikio hilo, atakuwa ameuacha moyo wa slufay, maana dua ile ni ya watu wote waliopo.

Da Lentini alikuwa karani, Chaucer ofisa wa forodha, Wyatt balozi. Hakuna aliyeishi kwa ushairi. Walijua lugha mbili na waliipenda ya kwao kiasi cha kutaka iwe na kila kilicho kizuri. Mwalimu wa Dongobesh, muuguzi wa Haydom au mkulima wa Katesh aliyekua na Kiiraqw au Kidatoga na kusoma kwa Kiswahili ana sifa hizo. Aanze sasa, wazee wanaozijua slufay na dua hizo wakiwa bado wapo wa kumsahihisha.