Nyuki anavyoitambua harufu ya ua la alizeti

Na Mwandishi Wetu, Manyara

MKULIMA wa alizeti wilayani Hanang, au wa maharage katika miinuko ya Mbulu, humwona nyuki akiruka kutoka ua moja hadi jingine la zao lilelile, huku akiyapita maua mengine yaliyo jirani. Kinachomwongoza zaidi mdudu huyo ni harufu, na jambo hilo lina uzito mkubwa katika mavuno.

Nyuki hana pua. Hunusa kwa vipapasio viwili vilivyo kichwani, vyenye maelfu ya vitundu vidogo mno ambamo chembe za harufu hupenya na kukutana na vipokezi maalumu. Wanasayansi waliochambua jeni za nyuki mwaka 2006 walibaini aina zipatazo 170 za vipokezi hivyo, ilhali mbu aenezaye malaria ana takriban 80.

Harufu ya ua ni mchanganyiko wa kemikali nyingi, lakini ubongo wa nyuki huweza kuupokea kama alama moja. Akipata mbochi penye harufu fulani mara tatu tu, huikumbuka kwa siku kadhaa. Ndiyo maana hushikamana na zao moja, na chavua hulifikia ua la aina ileile.

Arejeapo mzingani, huwagawia wenzake mbochi yenye harufu ya shamba, kisha hucheza ngoma inayoonyesha upande na umbali wa maua. Karl von Frisch wa Austria, aliyeifafanua ngoma hiyo, alikuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Nobel mwaka 1973.

Utafiti uliofanywa Argentina na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha faida yake. Nyuki waliolishwa maji ya sukari yenye harufu inayofanana na ya alizeti waliyaendea mashamba kwa wingi zaidi, na mavuno yakaongezeka kwa asilimia 29 hadi 57.

Kinyume chake, anayepuliza sumu ya wadudu mchana, maua yakiwa yamechanua, huwaua wale wale waliokwisha kujifunza harufu ya shamba lake. Kama hana budi kupuliza, na afanye hivyo jioni nyuki wakiwa wamerejea mzingani, na awaarifu mapema majirani wenye mizinga. Vinginevyo, hasara itawaangukia wote wawili: mmoja atakosa asali, mwingine mbegu.